Sikio la Kokubanza

Rwezaura alizikwa akiwa na umri wa miaka ishirini na sita, na mwenyewe hakuwapo.

Siku ya mazishi yake alikuwa Burma, matope yamemfika magotini, akitandaza waya wa simu kutoka mti hadi mti ili maofisa wapate kuzungumza na maofisa wenzao. Nyumbani Nyakatuntu, huku Karagwe, alikuwa amepita askari mmoja aliyerudishwa kwa sababu ya mguu, akaapa kwamba alimwona kwa macho yake Rwezaura akichukuliwa na mto. Maiti haikuwapo, basi ukoo ukafanya kama ulivyozoea mtu anapofia mbali. Walikata mgomba kwa urefu wa mwanamume, wakauvika shuka, wakaulilia, wakauzika kando ya kaburi bichi la baba yake, aliyekuwa amefariki miezi michache kabla.

Aliporudi mwaka 1946, na koti la jeshi na Kiswahili cha kambini, alikuta kaburi lake limeota magugu. Kibanja cha juu, shamba la migomba ambalo tangu utoto aliambiwa ni lake, kilikuwa kinalimwa na mdogo wake Kashaija. Kashaija alisema baba alimpa kwa kinywa chake siku ya kufa. Watu walimsalimia Rwezaura kwa tahadhari, kama wanaogusa chungu wasiojua kama kimepoa. Jirani mmoja akamuuliza kama huko alikotoka kahawa inastawi. Rwezaura akajibu kwamba maiti hawalimi, na kesho yake akaondoka kwenda Uganda. Katika hasira yake hakumuuliza mama yake neno. Na mama yake, Kokubanza, ndiye peke yake aliyekuwa chumbani baba alipokata roho.

Huko kutouliza ndiko kulikomtafuna miaka yote ya Kampala. Alifanya kazi katika duka la redio la Mhindi mmoja, mezani kwenye chumba cha nyuma, akijifunza redio za valvu, zile ambazo ukiziwasha zinakaa kimya kwanza mpaka zipate moto ndipo ziseme. Alijifunza Kiganda, Kihindi cha dukani, Kiingereza cha kusoma michoro. Akaoa, akaachwa. Kila Mkaragwe aliyepita dukani alimwuliza habari za Nyakatuntu, kisha akajifanya hasikilizi majibu. Kwa mmoja wao ndipo aliposikia kwamba Kokubanza alipatwa na homa kali, akachomwa sindano nyingi, akapona homa lakini masikio hayakurudi.

Alirejea mwaka 1958. Alipanga chumba Nkwenda, akaweka meza ya kutengeneza redio za wenye maduka na za walimu, na siku za Jumapili alikwenda kwa miguu kumwona mama yake, ambaye aliishi kwa Kashaija. Kokubanza alimshika uso kwa mikono miwili, akamtazama, akalia bila sauti. Ishara zilitosha kuomba maji au kuuliza kama amekula. Hazikutosha kuuliza marehemu alisema nini. Kokubanza hakujua kusoma, na ukimpigia kelele sikioni alihisi upepo tu.

Rwezaura alilipeleka jambo kwa Kaijage, baba yake mdogo, aliyekuwa mkubwa wa ukoo baada ya wengine kufa. Kaijage alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamweleza utaratibu, ingawa wote wawili waliujua. Neno la marehemu linatolewa mbele ya wazee waliokaa pamoja. Shahidi anaulizwa na mkubwa wa ukoo, si na mwenye madai, naye anajibu alichoulizwa. Kwa ishara haiwezekani, kwa sababu mkono wa anayeuliza unaweza kumwonyesha anayeulizwa jibu la kutoa.

“Mama yako akisikia swali langu kwa sikio lake,” alisema Kaijage, “nami nikasikia jibu lake kwa langu, shauri limekwisha. Vinginevyo usinisumbue.”

Mtu mwingine angekata tamaa. Rwezaura alikuwa amekwisha kuona, katika magazeti ya mafundi pale Kampala, picha za mabibi wa Ulaya wakiwa na vikasha vifuani na waya umeingia sikioni. Na ndani ya sanduku lake alikuwa na kiredio cha mfukoni kilichopasuka, ambacho mteja aliyekileta hakurudi kukichukua. Ndani ya kiredio hicho mlikuwa na transista.

Transista ni kitu kidogo chenye miguu mitatu, hakizidi punje ya harage. Sauti inaingia kwa mguu mmoja ikiwa dhaifu, na kwa mwingine inatoka na nguvu za betri. Lakini haifanyi hivyo kwa hiari. Lazima fundi aipe mkondo kidogo wa umeme hata wakati hakuna anayesema, ili ikae katikati, imejiandaa. Pale dukani waliuita mkondo huo bayasi. Rwezaura aliufikiria kama mlango uliorudishwa nusu. Ukiufunga, nusu ya kila neno inagonga ubao na kubaki nje. Ukiufungua wote mpaka ukutani, hauna tena pa kusogea, na kinachosikika ni ngurumo. Sauti inataka mlango wenye nafasi ya kwenda mbele na nafasi ya kurudi nyuma.

Na transista za siku zile zilikuwa na ila moja: joto lilizifungua zaidi. Zikipata moto zinapitisha umeme mwingi, umeme mwingi unazitia moto zaidi, na zikiachiwa zinajimaliza zenyewe. Dawa ilijulikana. Unaweka rezista ndogo kwenye mguu wa tatu, na kila umeme unapotaka kuzidi, rezista ile inauvuta nyuma. Ila rezista hiyo hiyo inakula sehemu ya sauti, isipokuwa uwe na kapasita ya kuipitisha sauti kando yake. Kapasita pekee aliyokuwa nayo Rwezaura ilikuwa imekauka.

Alitengeneza amplifaya yake ya kukuza sauti ndani ya kopo bapa la sigara: transista mbili, maikrofoni kutoka simu ya jeshi iliyochakaa, kisikizio cha kile kiredio. Akaijaribu ikiwa na rezista. Sauti ilitoka safi, lakini ndogo, na Kokubanza alikuwa kiziwi hasa. Rwezaura alitaka kila tone. Akazitoa zile rezista, moja baada ya nyingine, na kisikizio kikapiga kelele juu ya meza hata mwenye duka la jirani akachungulia.

Alijua alichokifanya. Lakini kujua ni jambo moja, na mkono uliozoea ni jambo lingine. Miaka yote ya ufundi wake joto lilikuwa rafiki. Valvu ikiwa baridi haisemi, na dawa ya nusu ya redio za Kampala ilikuwa kuzisubiri zipate moto. Kichwa chake kilikubali kwamba transista ni kinyume. Mkono wake haukukubali.

Ilikuwa mwezi wa saba, 1959, wakati ukungu wa Karagwe unalala mabondeni mpaka jua lipande. Alifika kwa Kashaija asubuhi mapema na kopo lake. Kemirembe, mke wa Kashaija, alikuwa anafagia uwanja. Akamwamkia shemeji yake, akamtandikia mama mkeka nje. Rwezaura akaunganisha mita, akageuza kirekebishi cha bayasi taratibu mpaka mshale ukatulia pale alipotaka, katikati kabisa. Vidole vyake vilikuwa vimekufa ganzi kwa baridi. Akamwekea mama yake kisikizio, akasogeza maikrofoni mdomoni.

“Unanisikia, mama?”

Kokubanza alishtuka, akashika sikio. Alikaa hivyo kwa muda, kama mtu aliyeguswa bega gizani.

“Nakusikia,” alisema. Sauti yake ilikuwa ya juu kupita kiasi, sauti ya mtu asiyejisikia. Kisha akaishusha. “Sauti yako imezeeka.”

Kokubanza akageuza kichwa upande wa ufagio.

“Kemirembe bado anakwaruza,” alisema. “Nilimwambia kabla sijawa kiziwi, ukifagia hivyo utaondoa udongo wote tubaki na mawe.”

Kemirembe akaangua kicheko, akajifunika mdomo kwa khanga. Mama naye akacheka kwa kukisikia kicheko chake. Halafu akaacha kucheka, akamtazama mwanawe sawasawa.

“Rwezaura. Siku ile baba yako…”

“Ngoja, mama.”

“Nimengoja mno.”

“Utasema mbele ya wazee. Kaijage atakuuliza. Nikisikia peke yangu ni bure.”

“Si ungesikia wewe kwanza?”

“Watasema nimekufundisha. Ngoja siku mbili tatu tu.”

Kokubanza akamtazama kidogo, kisha akakitoa kisikizio mwenyewe, akakiweka kiganjani mwa mwanawe na kukifunga kile kiganja. Rwezaura alikwenda zake Nkwenda akipiga mluzi. Njiani alikwisha kuanza kupanga wapi atapanda migomba mipya.

Wazee walikutana kwa Kashaija, kwa kuwa ndiko aliko shahidi. Walikuwa wamekwisha kuahirisha mara mbili kwa ajili ya kopo la Rwezaura, na rubisi ya kikao, pombe ya ndizi, ilikuwa imeiva. Ingekuwa siku ya jua wangekaa uwanjani. Lakini manyunyu yalianza tangu alfajiri, basi wakaingia ndani, wakakaa juu ya nyasi mbichi zilizotandazwa sakafuni, na kwa heshima ya umri wake Kokubanza akawekwa mahali pazuri kuliko pote, karibu na moto. Juu ya moto huo, darini, Kemirembe alikuwa anaivisha ndizi za pombe nyingine, na moto wa kuivishia ndizi hauachwi ufifie. Alipomwona mkwe wake anatetemeka, akaongeza kuni. Kopo likawekwa mapajani mwa bibi.

Rwezaura alimwamkia baba yake mdogo shikamoo, akamwonyesha jinsi ya kushika maikrofoni. Kaijage aliishika kwa ncha za vidole. Akamjulia hali shahidi wake, na Kokubanza akaitikia mara moja, kwa majibu yake yote, bila kukosea. Mnong’ono ukapita kati ya wazee. Kashaija, aliyekuwa amekaa karibu na mlango, aliinamisha kichwa na kuanza kuchambua jani la nyasi. Rwezaura alimwona. Alikiri baadaye kwamba dakika ile ndiyo iliyokuwa tamu kuliko zote maishani mwake.

Ila Kaijage hakuwa mtu wa njia ya mkato. Swali la namna ile haliulizwi kavu. Kwanza unataja ukoo na mwiko wake. Unawataja waliotangulia, nani alimzaa nani, nani alihama na ng’ombe kutoka upande upi wa Mto Kagera, nani alifyeka kibanja cha kwanza na nani alipanda milamula, ile mimea ya mipaka, ambayo mtu haing’oi bila ukoo kujua. Shahidi anaitikia kila jina. Kaijage alifurahia kazi yake, na alifurahia zaidi kuona kiziwi anaitikia. Akataja hata wale ambao kwa kawaida huachwa.

Rwezaura alianza kusikia mwenyewe. Kutoka sikioni mwa mama yake kulikuwa kunavuja mvumo mwembamba, kama nyuki ndani ya mzinga wa mbali. Kokubanza alianza kuchelewa kuitikia. Kwenye jina la babu hakuitikia kabisa. Alikunja uso na kutikisa kichwa. Rwezaura akanyanyuka nusu. Kaijage akamwashiria akae, mwenye madai hamkaribii shahidi, kisha akavuta pumzi na kuuliza kile kilichowakusanya: mume wako alipokuwa anakufa, kibanja cha juu alisema ni cha nani?

Kokubanza alikivuta kisikizio kutoka sikioni kwa mikono miwili.

“Mvua imeniingia kichwani,” alisema. “Sisikii mtu. Ni mvua tupu.”

Rwezaura hakungoja ruhusa tena. Alilinyakua kopo, akafungua kifuniko, akagusa transista, na akaurudisha mkono haraka. Hapo ndipo mkono ulipokubali. Alitoka nalo nje, akasimama kwenye manyunyu akilipepea kwa kofia yake mpaka likapoa. Aliporudi na kuwasha, hapakuwa na ngurumo wala sauti. Zile transista zilikuwa zimeinyonya betri mpaka mwisho, na betri ya namna ile haikuwapo Nkwenda wala popote upande huu wa mpaka alipopajua yeye.

“Kaka,” alisema Kashaija kutoka mlangoni, kwa upole kabisa, “mashine yako nayo imefia mbali. Tuizikie mgomba?”

Wazee walicheka. Hawakucheka kwa chuki. Walikuwa wamekaa muda mrefu na kicheko kiliwatoka. Rwezaura aliomba siku nyingine. Aliomba pia mama yake aachwe aseme tu alijualo, bila swali, akamgeukia na kuanza kumwonyesha kwa mikono. Kaijage akaishika ile mikono na kuishusha. Hicho ndicho tulichokataza, alisema. Kisha wakashauriana kidogo, na shauri lenyewe halikuwa gumu: shahidi hakujibu, kwa hiyo kibanja kinabaki kwa anayekilima.

Kibuyu cha rubisi kikaletwa. Ndugu wawili wakigombana na ukoo ukaamua, wanakunywa kutoka kibuyu kimoja, na wakisha kunywa jambo hilo halifufuliwi. Asiyekunywa amejitoa, hatazikwa kwao. Kashaija alikunywa, akafuta ukingo kwa kiganja, akampa kaka yake. Rwezaura alikishika muda mrefu. Alipoinua macho alimwona mama yake anamtazama kutoka pale motoni, hajui kilichoamuliwa, anaona tu wanawe wawili na kibuyu kimoja, na uso wake umejaa furaha. Akanywa.

Kurekebisha kopo hakukuwa kazi. Alizirudisha rezista zote mbili mahali pake asubuhi moja, na kama angefanya hivyo mwanzo kilichohitajika ni mtu kusema karibu zaidi na maikrofoni, basi. Betri aliletewa na dereva wa lori la Kampala. Hakulijaribu nje tena. Alikwenda kwa Kashaija saa ambayo wenyewe wako shambani, akakaa jikoni kwenye moto huohuo, chini ya ndizi hizohizo, akitazama mshale wa mita. Ulipanda kidogo, ukasita, ukasimama. Akaongeza kuni. Mshale ukabaki palepale. Alikaa mbele ya moto jasho linamtoka akiutazama mshale usiosogea.

Kokubanza alikivaa kisikizio bila kushangaa.

“Mama. Baba alisema nini?”

“Alisema cha juu ni cha Rwezaura. Akasema hata ikisemwa amekufa, kisiguswe mpaka waone mwili.” Akakisukuma kisikizio ndani zaidi. “Kashaija alikuwa amekwenda kuita watu. Alikuja baadaye akasema alivyosema. Na mimi nilibaki na mwana huyo mmoja tu, wewe hukuwapo. Kisha wakaja na ule mgomba.”

“Kwa nini hukuniambia niliporudi?”

“Ulilala siku moja.”

“Na siku ile uwanjani?”

“Ulinizuia,” alisema Kokubanza.

Rwezaura alikwenda kwa Kaijage siku hiyohiyo. Kaijage alikuwa anaanika kahawa. Aliendelea kuitandaza kwa mguu huku anasikiliza. Alisema anaamini. Alisema hata siku ile, alipomwona Kashaija anachambua jani, alikwisha kuamini.

“Basi ite wazee, baba mdogo. Sasa anasikia. Njoo umuulize hata ukiwa ndani ya moto.”

“Ulikunywa,” alisema Kaijage.

“Nilikunywa kwa ajili yake.”

“Kibuyu hakiulizi.”

Rwezaura hakurudi tena Uganda. Alibaki Nkwenda na meza yake, na Jumapili alikuwa akimpelekea mama yake betri dereva anapokuwa ameleta. Mafundi wa mjini wangekicheka kile kikopo, lakini kilifanya kazi kwenye joto na kwenye baridi, mvua na kiangazi, bila kuguswa. Kokubanza alikivaa kutwa. Alisikia kuku, watoto wa Kemirembe, kengele ya misheni upepo ukiwa mzuri.

Jumapili moja walikuwa wamekaa uwanjani wakimenya ndizi, yeye na mwanawe. Kokubanza alisimamisha kisu.

“Nani anakata huko juu?”

Rwezaura alisikia pia. Kashaija alikuwa amesema mbele za watu kwamba vibanja viwili vya mtu mmoja havihitaji mpaka katikati.

“Watu wanakata kuni,” alisema Rwezaura, akanyoosha mkono kuelekea swichi ya kopo, kama anayeangalia betri.

Mama yake aliuweka mkono wake juu ya swichi.

“Siyo kuni. Kuni zina mlio mkavu. Hiyo ni milamula, ina maji.” Alisikiliza tena. “Huyo ni Kashaija. Tangu mdogo anakata kwa kuruka, anakosa mara moja katika kila tatu.”

“Nizime, mama?”

“Ukizima ataacha?”

Rwezaura akauondoa mkono. Panga liliendelea huko juu, na ndani ya kopo hakuna kilichovuma wala kunguruma. Kila pigo lilifika sikioni mwa Kokubanza likiwa zima, kama lilivyopigwa. Akaokota ndizi nyingine na kuendelea kumenya.